Kiwanja Kimepimwa

Ukutani, kwa rangi nyekundu iliyochuruzika kabla ya kukauka,
wameandika: KIWANJA KIMEPIMWA. HATI IPO. MADALALI HAPANA.
Ni kweli kimepimwa. Bikoni ziko kila pembe,
zina namba, zimepakwa chokaa.
Wamepima urefu, wamepima upana.
Sisi tumekuja na keekee, kupima kwenda chini.

Nandonde, mlinzi, anasukuma geti la bati,
anauliza tunatafuta maji au dhahabu.
"Risasi," anajibu Injinia Kokugonza, akivaa glavu,
na mlinzi anarudi hatua moja nyuma.
Si hiyo, baba. Hii haina mlio.
Ni ile ya ndani ya betri za magari
zilizopasuliwa hapa kwa shoka, zikayeyushwa,
tindikali ikamwagwa ilikotaka kwenda,
miaka kumi na tisa, hapa Keko, nyuma ya maseremala,
mpaka mwenye mali akafa, wanawe wakashtakiana,
na majani yakashinda kesi.

Tunatandaza kamba. Miraba ishirini na minne.
Bajeti ni sampuli kumi na mbili,
kwa hiyo nusu ya ardhi itasemewa na jirani zake.

Nazungusha.
Sentimita kumi: kifusi, misumari, kandambili moja ya kushoto.
Thelathini: weusi, na vipande vya plastiki
kama magamba ya samaki asiyeliwa.
Sitini: kijivu,
kizito mkononi kuliko udongo unavyostahili.
Mita moja na nusu, maji yanajitokeza polepole,
kama mtu aliyeitwa kwa jina asilolipenda.
Nafunga mfuko. Naandika tarehe, saa, kina.
Fomu haina pa kuandika kwamba nilishtuka.

Saa tano akaja mwekezaji, Bwana Kisanga,
raba nyeupe, simu mbili, sauti ya upole.
Akatuonyesha mchoro: ghorofa tisa, vibaraza,
na bustani ya watoto, kijani kuliko kijani chenyewe.
"Ardhi haiozi, dada."
Si mtu mbaya. Ana mkopo, na riba hailali.
Akauliza: mkichanganya udongo wa huku na wa kule
mkaupima kwa pamoja, si namba inashuka?
Inashuka.
Injinia akamtazama kama mwalimu
anavyomtazama mwanafunzi aliyepata jibu kwa kuchungulia.

Mchana nikatoka nje ya ukuta kutafuta kivuli.
Chini ya tofali la mwisho kuna tundu,
mvua ya masika hupita hapo bila kuomba ruhusa,
na upande wa pili ni matuta ya Bi Siwema:
mchicha mpana, umestawi, unang'aa.
Mwaka wa pili sasa nanunua kwake nikielekea nyumbani.
Mkataba wetu unaishia kwenye bikoni.

Mjukuu wake amechuchumaa kando ya tuta,
anasonga ugali wa tope kwenye mfuniko wa kopo la rangi.
Akanikaribisha. Akamega, akanyosha mkono,
kidole cha pili akakilamba mwenyewe, kuonja.
Nikasema: asante, nimeshiba, nifungie nikale nyumbani.
Akanifungia vizuri, kwa mikono miwili,
ndani ya mfuko wa maabara.

*Sampuli 13. Kina: sifuri. Mpishi: Tausi.*

Kokugonza akasoma, akakaa kimya,
akaongeza mstari kwenye fomu kwa mkono wake.
Nani atailipia, hatukuulizana.

Majibu ni baada ya wiki mbili.
Bi Siwema akauliza: mnajenga lini, nipate wateja?
Sikuwa na namba ya kumwambia asiuze.
Sikuwa na uso wa kutonunua.
Nikatoa mia tano, mafungu mawili, kama siku zote.

Sijayapika. Sijayatupa.
Yamo kwenye friji ya ofisi, juu ya mifuko kumi na mitatu,
na asubuhi hii nimefungua kuangalia:
bado mabichi, wala hayajasinyaa.